Herufi Nane Juu ya Jiwe

Ummy binti Alawi alifika Kinyala saa moja kasorobo asubuhi, amepanda bodaboda kutoka Tukuyu mjini, buti zake za mpira zimelowa mpaka magotini. Ndani ya koti alikuwa na fomu moja aliyoizungushia nailoni mara tatu, kwa maana mvua ya Rungwe haina adabu mbele ya karatasi. Fomu hiyo ilitakiwa isainiwe na mkuu wake wa kazi siku hiyo hiyo. Saa kumi na mbili jioni dirisha la udahili lilikuwa linafungwa, na asiye na ruhusa ya mwajiri angekaa nje mwaka mzima.

Nafasi yenyewe hakuiokota njiani. Ummy alikuwa fundi sanifu wa maji, mwenye stashahada na miaka mitatu ya kazi katika ofisi ya maji ya wilaya. Chuo kikuu kilikuwa kimemkubali kusomea shahada ya uhandisi kwa kile wakubwa wanachokiita sifa linganishi, yaani stashahada yake imewekwa kwenye mizani upande huu, kidato cha sita cha wenzake upande ule, ikaonekana mizani imekaribia kulala sawa. Mbele yake ilikuwapo miaka minne ya shahada, halafu muda wa kufanya kazi chini ya mhandisi, halafu usajili wa bodi. Baada ya hapo, wala si dakika moja kabla, mtu anaruhusiwa kutanguliza neno Mhandisi mbele ya jina lake. Anayejibandika neno hilo bila kusajiliwa ana kesi ya kujibu.

Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa saini. Mkuu wake, Mhandisi Ezron, alimwambia jana yake kwamba ataisaini fomu hukohuko Kinyala, siku ya uzinduzi wa mradi, akishaiona kazi kwa macho yake. Ezron hakuwa mtu wa kusaini mambo mezani.

Ummy alianza kazi kwenye koki kuu, chini kidogo ya tangi. Jenifer alikuwa keshafika, amejifunga kitenge juu ya sweta, mkononi ana ufunguo mkubwa wa koki. Huyu Jenifer ndiye aliyechaguliwa na jumuiya ya watumia maji kuitunza koki hiyo, na alichaguliwa kwa sababu ndiye aliyeumia. Mwezi wa tano, siku ya majaribio, vijana waliizungusha koki yote kwa mkupuo mmoja kwa hamu ya kuona maji. Hewa na maji vikagombana ndani ya bomba, bomba likapasuka bondeni, na matope yakaondoka na mashina ishirini na matatu ya migomba ya Jenifer. Tangu siku ile Ummy aliweka sheria: nusu mzunguko, hesabu mpaka mia, ndipo nusu mzunguko mwingine. Vijana walipojaribu kunung'unika, Jenifer aliwaambia maneno mawili tu, kwamba injinia kasema, nao wakanyamaza.

Na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Neno injinia lilimwangukia Ummy siku ya kwanza aliyopanda huku na kifaa cha kupimia mwinuko begani, na hakulikung'uta. Siku ya kwanza alicheka. Ya pili alikuwa na haraka. Mwezi wa tatu alikuwa amelizoea, na mwaka wa pili alikuwa anageuka akiitwa hivyo kabla hata ya kuitwa jina lake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na tuseme kweli, Ummy hakuuziba ufa ule kwa sababu ulikuwa unampitishia upepo mtamu. Ofisini alikuwa "yule binti wa stashahada". Kinyala alikuwa Injinia, na wanaume wenye mvi walisimama kumpisha.

Alipomaliza na koki alishuka mpaka kwenye uwanja wa shule, ambako mahema yalikuwa yanasimamishwa. Katikati ya uwanja palikuwa na nguzo fupi ya saruji iliyofunikwa kitambaa cha buluu, na ndani ya nguzo limepachikwa jiwe la uzinduzi. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekilowanisha kitambaa. Ummy aliogopa rangi ya maandishi isije ikawa imechuruzika, akainua pembe moja achungulie.

Rangi ilikuwa salama. Jiwe lilikuwa jeusi, zuri, limesuguliwa mpaka linateleza, na herufi zilikuwa zimechongwa kwa kina na kutiwa rangi ya dhahabu. Mstari wa nne ulisema: MRADI HUU UMEJENGWA CHINI YA USIMAMIZI WA MHANDISI UMMY ALAWI.

Aliachia kitambaa kama mtu aliyegusa sufuria la moto. Kisha akakiinua tena, pengine macho yamemdanganya. Hayakumdanganya. Herufi nane, zimekaa palepale, mbele ya jina lake, na saa tano mgeni rasmi kutoka mkoani angevuta kitambaa mbele ya watu wote, na pembeni yake angekuwa amesimama Mhandisi Ezron.

Maneno ya jiwe aliyaandika yeye mwenyewe kwenye karatasi wiki tatu zilizopita, na aliandika Fundi Sanifu Ummy Alawi. Alikumbuka hata kalamu aliyotumia.

Alimfuata Lugano, mwashi aliyelichonga jiwe, akamkuta anabandika maua ya karatasi kwenye hema. Lugano hakushtuka. Alisema karatasi ilimfikia ikiwa na neno moja limekatwa na jingine limeandikwa juu yake, na kwamba yeye huchonga anachopewa. Ummy akamwomba walizibe neno lile kwa saruji na masizi upesi upesi. Lugano akatazama ukungu uliokuwa umelala juu ya migomba, akamwambia saruji haikauki kabla ya saa tano kwa baridi hii, itachuruzika na kuacha ndevu. Halafu, akaongeza, jiwe si lake wala si la Ummy. Ni la wazee.

Mzee wa kumwuliza alikuwa mmoja, Ambilikile, mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji. Yeye na Lugano walimkuta ofisini kwake, yaani kwenye benchi nje ya darasa la kwanza, amevaa suti ya kahawia iliyooa na kuozesha watoto sita. Ummy alimwamkia, akajibiwa kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, vyote kwa furaha. Kisha akaeleza shida yake, na furaha ikapungua usoni mwa mzee kidogo kidogo.

"Mwanangu, neno lile nililikata mimi," alisema Ambilikile. "Fundi ni Lugano huyu. Fundi ni yule anayeshona viatu pale sokoni. Mtu aliyetuletea maji mpaka mlangoni, tumwandike fundi juu ya jiwe? Wajukuu watatuonaje?"

Ummy akamweleza kwamba fundi sanifu si tusi, ni cheo chenye shule yake na usajili wake, na kwamba mhandisi ni mwingine mwenye shahada. Mzee alisikiliza kwa heshima ya mtu ambaye hajasikia kitu. Alisema yeye si mjinga wa kubadilisha maneno ya ofisi bila kuuliza. Alikwenda Tukuyu mwenyewe, akapita dukani kwa baba yake Ummy, akamwuliza mzazi mbele ya watu: binti yako ni nani hasa? Na mzazi akamjibu bila kumeza mate kwamba binti yake ni mhandisi, aandike hivyo hivyo.

"Sasa mimi nimwamini nani," aliuliza Ambilikile, "kama si aliyekuzaa?"

Mzee akamaliza kwa kusema kwamba jiwe limekwisha kufunikwa na kuombewa, wazee wote wakiwapo, na kwao jiwe lililofunikwa halifunuliwi ila mara moja. Alimshika bega, akamwambia ndaga fijo, asante sana, kwa kazi yake, atulie, leo ni siku yake. Ummy alitamani ardhi ya Kinyala ipasuke impokee.

Baba. Kumbe mzizi ulikuwa nyumbani. Alawi alikuwa fundi bati pale Tukuyu, jirani na soko, kama baba yake na kama babu yake aliyepanda kutoka pwani na nyundo mbili kwenye mfuko. Mifereji ya mvua ya nusu ya mji ilipita mikononi mwake, majiko, ndoo, mabirika. Miaka arobaini aliitwa Fundi Alawi, na Ummy alikuwa anajua siku ambayo neno hilo lilimwingia baba yake vibaya. Yeye alikuwa na miaka tisa, amembebea baba koleo. Walikwenda kufunga mfereji kwenye ofisi moja ya wakubwa, na karani akawazuia mlangoni akasema fundi apitie nyuma. Walizunguka nyuma, wakapita jalalani. Jioni baba alimwambia Ummy atasoma mpaka awe mtu wa kupita mbele.

Na sasa alikuwa anakuja. Saa tatu kasoro aliteremka kwenye gari dogo pamoja na majirani wawili wa dukani, amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikalia na kofia ya viua iliyodariziwa kwa mkono, mkononi amebeba ndoo mpya ya bati inayong'aa. Aliitengeneza mwenyewe, mishono yake imefichwa hata huioni, kwa ajili ya maji ya kwanza. Ummy alimpa shikamoo, akaitikiwa kwa sauti ya kusikika hemani kote. Alawi akamtambulisha kwa majirani kana kwamba hawakumwona akitambaa: huyu ndiye mhandisi mwenyewe. Ummy alifungua mdomo kumwambia habari ya jiwe. Kisha akaona jinsi baba alivyoishika ile ndoo, kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto, akaufunga mdomo wake. Alijichukia kwa kuufunga, na aliufunga hivyo hivyo.

Saa tatu na robo gari la ofisi likaingia uwanjani. Mhandisi Ezron aliteremka, mrefu, mkavu, shati limechomekwa, kalamu mbili mfukoni. Kwa saa nzima alimzungusha Ummy kila mahali, kuanzia tangi la kupunguza msukumo, viungo vya bomba, mpaka koki. Alimwuliza Jenifer utaratibu wa kufungua, Jenifer akamjibu bila kukosea hata namba. Ezron akaandika kitu kwenye daftari, akaomba aione ile fomu. Ummy aliitoa kwenye nailoni. Ezron aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akaweka kidole mahali pamoja.

Alisema sehemu ya cheo cha sasa ameiacha wazi. Ummy akaona kweli ameiacha wazi. Jina lipo, namba ya simu ipo, chuo kipo, cheo hakuna. Hakukumbuka kuiruka. Mkono ndio ulioruka. Ezron alimrudishia fomu akamwambia ataijaza halafu watasaini, na sasa waende wakaone jiwe, kwa sababu alishawahi kuaibika kwa jiwe lililoandikwa tarehe isiyo yake.

Walitembea kuelekea kwenye nguzo. Ilikuwa hatua kama sitini. Ummy alizihesabu. Kwenye hatua ya ishirini alifikiri kusema kitambaa kimeombewa. Kwenye ya arobaini alifikiri kujiangusha. Ezron aliponyoosha mkono kushika pembe ya kitambaa, sauti ilimtoka.

"Mhandisi, kabla hujafunua. Jiwe limeandikwa mimi ni mhandisi."

Mkono wa Ezron ukabaki hewani. Akaushusha, akauliza nani kaandika. Ummy alimweleza kuhusu karatasi, neno lililokatwa na mwenyekiti. Kuhusu baba hakusema. Akamaliza kwa kusema kwamba yeye hakulitaka neno hilo.

"Hukulitaka, lakini ulilipenda," alisema Ezron. "Nimepanda huku mara nne. Mara zote nne nimesikia wanavyokuita, na mara zote nne nimekuangalia kama utawasahihisha."

Ezron hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Alimweleza, akitazama migomba na si uso wake, kwamba yeye alianza na cheti cha ufundi bomba. Akapanda stashahada. Akapanda stashahada ya juu, ile ya zamani, iliyokuwa ikisemwa kuwa ni ndugu wa shahada. Ofisi moja ikamwambia ni sawa na shahada, ikampangia kazi za mwenye shahada. Alipokwenda kutafuta daraja la mhandisi kamili akaambiwa ndugu si pacha. Akarudi darasani ana miaka thelathini na tisa, dawati moja na vijana wa rika la mwanawe, usiku anasahihisha michoro ya watu ili watoto wale. Walimcheka kwa sababu alijua kushika spana na hakujua hesabu zao. Alizijua mwishoni.

"Miaka kumi na moja nimelifuata neno hilo," alisema. "Wewe umelipata kwa kunyamaza."

Ummy aliuliza afanye nini.

"Siwezi kusaini fomu ya mtu asiyejua yeye ni nani. Na mimi usiniambie, mimi najua. Waambie wao, kabla kitambaa hakijavutwa. Usipowaambia, mgeni akiinua mkono nitauzuia mimi, na hapo utakuwa umeaibika wewe, wao na ofisi."

Akaenda kukaa kwenye kiti chake cha plastiki mstari wa mbele, miguu pamoja, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitalini.

Mgeni rasmi hakuchelewa, na hilo peke yake lilitosha kuwashtua watu. Alikuwa mama mnene, mtulivu, aliyekataa mwavuli. Ngoma ilipigwa, wimbo wa kwaya ukaimbwa beti zote bila huruma, risala ikasomwa. Ummy alikaa kati ya baba yake na Jenifer, na hakusikia neno hata moja la risala. Kichwani alikuwa na mizani yake mwenyewe. Upande mmoja, shahada, miaka minne, kupita mbele. Upande wa pili, kanzu ya baba iliyopigwa pasi. Akisema kweli, watu watauliza nani alidanganya, na aliyedanganya ameketi hapa na ndoo magotini. Alimtazama. Alawi alikuwa anatabasamu kuelekea kwenye kitambaa cha buluu, midomo inacheza kidogo kana kwamba analisoma neno kupitia nguo.

Ambilikile akamwita mbele kwa kipaza sauti. "Injinia wetu aje asimame karibu na jiwe lake."

Watu walipiga makofi na vigelegele. Ummy aliinuka. Alifika kwenye nguzo, akamwomba mzee kipaza sauti, na mzee akampa akidhani anataka kushukuru.

Alisema anaomba radhi kwa mgeni rasmi na kwa wazee. Sauti yake ikarudi kutoka kwenye ukuta wa shule, nyembamba.

"Mimi si mhandisi. Mimi ni fundi sanifu. Nina stashahada, sina shahada. Chini ya kitambaa hiki kumeandikwa neno ambalo si langu."

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye majani ya migomba. Mama mgeni alimgeukia Ezron, na Ezron hakugeuka. Ambilikile alisogea, uso umekunjamana, naye akasahau kwamba kipaza sauti kiko karibu, kwa hiyo watu wote walimsikia.

"Basi kati yako na aliyeniambia wewe ni mhandisi, nani alitudanganya?"

Swali lilikuwa hilo hilo alilokuwa analiogopa tangu asubuhi. Mzee hakuuliza kwa ubaya; aliuliza kama mtu aliyeibiwa. Ummy aliona kwa pembe ya jicho kofia ya viua imetulia kabisa.

"Mimi," alisema. "Miaka mitatu mliniita hivyo na sikuwakatalia. Lawama ni yangu."

Mnong'ono ulianza nyuma, kwa vijana. Mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kwamba kumbe siku zote walikuwa wanahesabu mpaka mia kwa amri ya fundi tu, na wenzake wakacheka. Kicheko hicho kilimpiga Ummy kifuani kuliko maneno ya Ezron. Aliliona bonde, aliona bomba linapasuka tena mwezi ujao, mkono wa kijana kwenye koki, kwa sababu yeye hakuwa na shahada ya kuwatisha nayo. Kilemba cha ukoka ndivyo kilivyo. Ukikivua, unaweza kuvua pamoja nacho hata heshima uliyoitolea jasho.

Ndipo Jenifer aliposimama. Hakuomba ruhusa. Alikuwa ameushika ule ufunguo wa koki kama fimbo.

"Mimi nina swali moja," alisema. "Ile nusu mzunguko uliyotufundisha, na kuhesabu mpaka mia. Bado ni ile ile, au nayo imebadilika?"

"Ni ile ile," alisema Ummy.

"Basi mimi migomba yangu iliyokwenda na matope inatosha kunifunza." Aligeuka akawatazama vijana mpaka wa mwisho akainamisha kichwa. "Mgeni, tukafungue maji. Watu wamesimama mvuani."

Wengine wakacheka, safari hii kwa namna nyingine, na mama mgeni akawa wa kwanza kuinuka. Alisema kitambaa kitasubiri, maji hayasubiri. Lakini hakuna aliyepiga hatua, kwa sababu Alawi naye alikuwa amesimama. Aliiweka ndoo chini taratibu, akaja mbele kwa hatua zake fupi, kanzu inaburuza majani. Ummy alimwita baba, kwa sauti ya chini, amzuie. Hakuzuilika. Alisimama mbele ya Ambilikile, wazee wawili wa rika moja, mmoja wa kofia na mmoja wa suti.

"Mwenyekiti, binti yangu amenisitiri mimi," alisema Alawi. "Ulinijia dukani ukaniuliza, na mimi ndiye niliyekwambia uandike. Alikuwa hajui."

Kisha akanyoosha mkono upande wa Lugano, bila kumtazama.

"Niazime tindo na nyundo."

Lugano alimtazama Ambilikile. Mzee akavuta kitambaa cha buluu kwa mkono wake mwenyewe, hakumngoja mtu. Herufi za dhahabu zikatokea mbele ya watu wote, na Lugano akatoa zana zake. Alawi alipiga goti moja kwenye matope, kanzu na pasi yake yote, akaweka ncha ya tindo kwenye M, akapiga.

Alipiga kama anavyokata bati, mapigo mafupi, ya karibu karibu, bila papara. Vumbi jeusi na la dhahabu likamwangukia mikononi. Watu walitawanyika kuelekea kwenye koki wakimfuata mgeni na Jenifer, na wengine walibaki wakimtazama. Kutoka juu zilianza kusikika sauti za watoto wa shule wakihesabu pamoja, moja, mbili, tatu, mpaka mia, kisha kimya cha nusu mzunguko, kisha moja tena. Alawi alikuwa kwenye H.

Ezron alikuja akasimama karibu na Ummy. Aliitazama ile mikono ya mzee kwa namna ambayo Ummy hakuwahi kumwona akitazama kitu chochote ofisini. Halafu akaomba fomu. Ummy akaifungua juu ya goti, akaandika kwenye ile nafasi iliyokuwa wazi: Fundi Sanifu. Ezron aliweka karatasi juu ya daftari lake, akasaini, na kwenye mstari wa maoni ya mkuu wa kazi akaandika kwamba anaijua kazi yake. Alimwambia aende Tukuyu mapema akaipandishe kwenye mtandao, kwa sababu umeme hauaminiki jioni. Akaenda zake kwenye koki.

Watoto walihesabu mia ya sita. Bomba la uwanjani likakohoa, likatema hewa, likatema matope, kisha likatulia na kutoa maji safi, na vigelegele vikaanzia juu vikashuka mpaka chini. Ummy aliikinga ile ndoo ya bati mpaka ikajaa. Haikuvuja hata tone. Aliibeba mpaka kwenye nguzo, ambako baba yake alikuwa anamalizia I ya mwisho.

Alawi hakuyanywa maji ya kwanza. Aliinua ndoo akayamwaga juu ya jiwe, vumbi lote likaondoka, na pale palipokuwa na neno pakabaki mtaro wa jiwe lililoparuzwa, mbele ya jina. Akapitisha kidole ndani ya mtaro kupima kina.

"Hilo neno lako," alisema, bado amempa mgongo, "lina herufi ngapi?"

"Kumi na moja, baba."

"Na hapa palikuwa na nane." Akapima tena kwa kidole. "Tutabana. Fundi hashindwi kubana."

Akaifuta tindo ya Lugano kwenye kanzu, akaitia mfukoni, na kusema atairudisha kesho jioni akimaliza.